Waliokufa Wote Walikuwa Mapacha

Saint Paul, Minnesota
Jumamosi, mwisho wa Februari

Kaka yangu Zakaria,

Shikamoo. Marahaba yako nimeipokea kabla hujaitoa, maana najua unasoma umekunja uso. Natumaini barua hii inakukuta umeshiba na una nguvu za kubishana. Shemeji hajambo? Watoto wanaendeleaje na shule? Yule wa mwisho ameacha kula udongo, au bado anachimba ukuta wa jikoni? Mimi mdogo wako ni mzima. Nimenenepa mashavuni, na baridi ile mliyosema itaniua imejaribu mwaka baada ya mwaka, imechoka yenyewe.

Utajiuliza kwa nini nimekuandikia kwenye karatasi wakati tuliongea kwa simu juzi tu. Sababu ni wewe. Kwenye simu wewe ni hodari mno, kaka. Unanisikia ninavyopumua, unajua wapi pa kuongeza chumvi na wapi pa kukohoa, na nikikubana unasema mtandao unasumbua. Karatasi haina mtandao. Utaisoma mpaka mwisho na hutanikatiza.

Jambo lenyewe unalijua. Tangu kabla ya Krismasi sijasikia sauti ya Baba. Kwanza ulisema amelala. Baadaye ukasema ameenda Kasulu kwa shangazi. Nilipompigia shangazi alimshukuru Mungu kwa kila kitu, kuanzia mvua mpaka maharage, halafu akakumbuka ghafla kwamba ana chungu jikoni. Nikarudi kwako, ukasema sauti imemkauka Mzee, daktari kamkataza kuongea. Baba yetu! Mtu aliyekuwa akiongea usingizini! Nikaomba picha, ukanitumia. Baba amekaa sebuleni, anacheka, na ukuta nyuma yake ni wa bluu. Kaka, ukuta huo shemeji alinionyesha mwenyewe kwenye simu mlipoupaka rangi ya maziwa. Sikusema kitu siku ile. Nilikuwa nakupa nafasi.

Sasa nisikilize nikupe habari za huku, maana ndizo zilizonipa ujasiri wa kukuandikia hivi. Usiruke. Najua tabia yako ya kupeleka mkanda mbele.

Kazini mambo ni mazuri. Bado niko ile hoteli ya Bloomington karibu na uwanja wa ndege, lakini sipandi tena juu kutandika vitanda. Nimekuwa msimamizi wa zamu kule chini kwenye mashine za kufulia. Nina watu chini yangu, Wasomali, Wahabeshi na Wameksiko, na wote wananielewa, ingawa Kiingereza changu kina lafudhi tupu ya mtaani kwetu Mwanga, mwisho wa reli. Sauti niliyorithi inanisaidia, maana mashine zile zinapiga kelele na mimi nazipita. Na gari naendesha, hata kwenye barafu. Usicheke. Mtu aliyefundishwa baiskeli na wewe kwenye ule mteremko haogopi kuteleza.

Jumapili nasali na kanisa letu la Kiswahili. Wengi ni Wakongo, hasa kina mama waliopitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, na baadhi yao wanaijua Kasulu kuliko mimi. Wapo Wakenya pia, karibu wote manesi na wahasibu, na sisi Watanzania wa kutafuta kwa tochi. Jengo letu hatuna. Tunapanga ukumbi wa sinema. Ndiyo, kaka, sinema. Mtoto wa Mzee Barnaba, yule mtafsiri wa mikanda wa banda la video, amevuka bahari, kaenda kumwabudu Mungu kwenye viti vya sinema. Nilipoingia mara ya kwanza nikaona pazia jekundu nilicheka peke yangu mpaka mchungaji akadhani nimejazwa Roho.

Mwenye ukumbi ni mzee wa Kizungu anaitwa Walter. Ni mrefu, mpole, na bisi anakaanga mwenyewe. Asubuhi ukumbi ni wetu, mchana yeye anaonyesha picha za zamani, zile za enzi za vita kuu, na wazee wenzake wanakuja kuzikumbuka. Kazi yetu ni kutoka kwa wakati, na hiyo kazi imetushinda. Mchungaji wetu akisema "na mwisho kabisa", ujue hata katikati hajafika. Walter husimama mlangoni na mfagio wake, anatabasamu, anasubiri.

Jumapili moja ya Januari theluji ilianguka tangu alfajiri. Ibada ikaisha, watu wenye magari wakaondoka, tukabaki na kina mama wazee wanaopelekwa kwao na gari la kanisa. Gari hilo anaendesha Njoroge, kijana wa Kikenya. Akarudi ndani nyusi zimeganda.

"Dada Editha, gari imekataa ku-start," akasema. "Battery imekufa kabisa. Wacha nita-call beste yangu akuje anipe jump, lakini roads ni mbaya. Kaeni tu hapa ndani, huko nje mtanifrizia hao cucu wazee."

Nikaenda kwa Walter kumwomba radhi. Akanitazama kama nimesema jambo la ajabu. Akasema viti vipo, picha inaanza sasa hivi, na kwa theluji hiyo nani atakuja? Tukae tuangalie, bure, na bisi juu. Wakaja Wazungu wachache, wazee, wamevaa makoti mpaka masikioni, wakakaa nyuma kila mmoja na kiti chake. Sisi tulikuwa mbele kabisa na vitenge vyetu. Taa zikazimwa.

Ilikuwa picha ya nyimbo. Hapo nakuona ukiguna. Unakumbuka Baba alivyozichukia? Mkanda ukiwa na wimbo anaupeleka mbele mbio, waimbaji wanakuwa kama kuku wanaodonoa, na yeye anatangaza, "Hapa wanaimba, haina maana, tunaenda kwenye ngumi!" Sasa hii haikuwa na ngumi hata moja. Kijana mwanajeshi yuko mji wa bandari anangojea meli impeleke vitani. Kuna ukumbi ambao wasichana wanawaimbia wanajeshi na kucheza nao, na mama yake mzazi ndiye mpishi wa hapo. Midomo ya wasichana myekundu, sketi zinazunguka, na kijana anacheza kwa viatu vyenye vyuma chini, ta-ka-ta, ta-ka-ta, juu ya meza, juu ya ngazi, mpaka juu ya sanduku la posta.

Kina mama walivumilia kidogo. Kisha Mama Nabintu, aliyekuwa pembeni yangu, akanigusa goti. Huyu mama ni mtu wa upande wa Bukavu, mfupi, mkavu, na kila mtu kanisani anamwogopa akiwemo mchungaji.

"Mwana, huyu mutu iko nacheza ao iko natafuta kupasua mbao?"

"Anacheza, Mama. Amempenda yule msichana wa gauni jeupe."

"Bon. Na yule anasema nini?"

Nikamwambia. Akaniuliza tena, nikamwambia tena. Mara mama wa kiti cha nyuma naye akainama: "Sema na kwa nguvu kidogo, sisi hatusikie." Nikapandisha sauti kidogo. Wote wakasogea. Nikapandisha tena. Kaka, unajua inavyokuwa. Sikukusudia. Kitu kilichokuwa kimelala kifuani mwangu tangu utoto kiliamka chenyewe, kikakaa kitako, kikadai kipaza sauti.

Unakumbuka Baba alivyonikatalia kutafsiri? Wewe alikupa kipaza sauti hujaota hata ndevu. Mimi aliniweka mlangoni kukusanya viingilio, akasema sauti ya msichana haitoshi kubeba vita. Nilikaa pale mlangoni miaka yote, nikijifunza kwa sikio. Na hapa, mbele ya wale kina mama, nilikuta najua kila kitu. Wakati wa kunyamaza najua, wakati wa kuuliza "mnamwona huyo?" najua.

Mzee mmoja wa Kizungu akafanya "shhh!" Nikanyamaza. Kina mama wakanifinya niendelee. Nikaendelea kwa kunong'ona, kunong'ona kwetu unakujua, na mara nikaona tochi inashuka kwenye ngazi. Walter. Nikasema basi, leo kanisa limekosa pa kusalia, na mkosaji ni mimi. Akainama sikioni kwangu, akasema juu kuna roshani ambayo haitumiki siku hizi, twende huko, na huko niseme ninavyotaka. Akatumulikia ngazi. Kina mama wakapanda mmoja mmoja wakishika magoti na kumshukuru Mungu kila ngazi, na picha ikiendelea bila sisi.

Tulipokaa kule juu nikaanza upya, sasa kwa sheria zote za Baba. Sheria ya kwanza unaijua: mtu hamwonei uchungu mtu asiyemjua jina, kwa hiyo mpe steringi, shujaa wa picha, jina la nyumbani. Kwetu steringi wote walikuwa kina Juma na Athumani hata wakiwa Wachina. Nikawauliza kina mama, "Huyu kijana tumwite nani?"

Wakatazamana. Mama Nabintu akasema, "Mumuite Ombeni."

Wengine wakaacha picha, wakamtazama yeye. Mimi sikujua, kaka, naapa. Mimi nilisikia jina zuri, nikalichukua. Ombeni akacheza juu ya meza, Ombeni akamfuata msichana wa gauni jeupe mpaka kituo cha treni, Ombeni akamwibia mama yake andazi jikoni, na kina mama wakapiga makofi, wakacheka, wakamgombeza kama mtoto wao. "Ombeni, rudisha andazi!" Nyimbo sikuzipeleka mbele, sikuwa na pa kubonyeza. Nikagundua nikiwaambia maneno ya mwanzo tu wanaelewa zilizobaki, halafu wanaitikia kwa sauti ya pili, tenori na yote. Laiti Baba angeona. Alikosea kuhusu nyimbo, na nitamwambia mwenyewe akiweza kunisikia.

Ombeni akapanda meli. Hapo mmoja wa kina mama akaninong'oneza nyuma ya kichwa: Ombeni ni mtoto wa Mama Nabintu. Walipotezana siku ya kukimbia vita, yeye akiwa kijana mkubwa. Mama huyo alikaa Nyarugusu miaka, amekuja huku na wajukuu ambao ukiwasemesha Kiswahili wanakujibu kwa Kiingereza, na Ombeni hajulikani alipo. Kila anayemtembelea humwambia, "Atakuja, Mama. Mungu si Athumani." Nikajuta kulichukua lile jina. Lakini nikajipa moyo kwa sheria nyingine ya banda letu, ile kubwa kuliko zote: steringi hafi. Na hii ni picha ya nyimbo, nikasema, nani atakufa kwenye picha ya nyimbo?

Kaka, Wamarekani wa enzi zile walikuwa vitani kwelikweli, kumbe hata picha zao za nyimbo zilijua. Mama wa yule kijana yuko jikoni anakanda unga. Mlango unagongwa. Anaingia ofisa wa jeshi. Anavua kofia tu, anaishika kifuani.

Roshani nzima ikanigeukia.

Unakumbuka ule mkanda ambao steringi alikufa kweli mwishoni, na vijana wakaanza kung'oa mabenchi? Baba hakupepesa hata jicho. Akashika kipaza sauti, "Tulieni! Tulieni! Huyu aliyekufa ni pacha wake!" Watu wakapiga vigelegele, mabenchi yakapona. Tangu siku hiyo banda letu halikufiwa. Waliokufa wote walikuwa mapacha. Basi na mimi nikafungua mdomo, na sauti ya Baba ikatoka.

"Msiogope, kina mama," nikasema. "Ofisa amekuja kusema aliyekufa ni pacha wake. Ombeni mwenyewe ni mzima, meli yake imechelewa tu."

Kina mama wawili wakasema amina. Mama Nabintu hakusema amina. Alikuwa anamwangalia yule mwanamke kwenye picha, ambaye alikuwa ameendelea kukanda unga kana kwamba hajamwona mgeni, anakanda, anakanda, unga umekwisha kulainika zamani na yeye anakanda.

"Mwana," akaniambia bila kugeuka, "mama haizae mapacha halafu asahau moja. Pacha wake tungemuona. Angelala kwa ile nyumba, angekula kwa ile meza. Huyu mama iko na mutoto moja tu."

Nikaitazama tena ile mikono kwenye unga.

"Mie niko mama. Usinitafsirie mikono ya mama, naijua. Sema vile iko."

Nilitaka kukohoa, nilitaka kusema mtandao unasumbua. Lakini alikuwa amenigeukia sasa, na macho yake hayakuwa na hasira yoyote. Yalikuwa yanangoja tu. Nikasema, "Amekufa, Mama. Ombeni amekufa vitani."

"Njo vile," akasema. "Asante. Sasa tuone atafanya nini."

Yule mwanamke aliukata unga vipande, akavitia mafutani, akajifuta mikono. Akabeba sinia la maandazi mpaka ukumbini ambako wale vijana wengine walikuwa wanangoja meli yao, akawagawia mmoja mmoja, na walipoomba wimbo akawaimbia. Sikutafsiri. Hapakuwa na haja. Na Mama Nabintu pale kwenye kiti cha roshani akafungua kanga yake kichwani, akajifunga kiunoni, akaanza kulia. Hakulia kwa kelele. Aliimba wimbo wa kilio cha kwao, na kila baada ya mstari anaita, "Ombeni! Ombeni wangu!" Wenzake wakaitikia. Chini picha inaimba, juu sisi tunalia, na mimi nalia kuliko wenye msiba. Nilipochungulia niliwaona wale Wazungu wamegeuza vichwa kutazama juu, na hakuna aliyefanya "shhh". Yule mzee wa mwanzo alikuwa amevua kofia yake.

Nilipomsindikiza nyumbani, maana Njoroge alirudi hatimaye na gari linanguruma, nilimwomba Mama Nabintu msamaha. Kwanza kwa jina, halafu kwa uongo. Akanishika mkono.

"Jina nilitoa mie mwenyewe, nilitaka kumuona akicheza. Alikuwa anacheza vizuri, mutoto wangu. Na uongo, weye si wa kwanza. Tangu ile siku tulikimbia, kila mutu ananiambia, atakuja, atakuja. Wanafikiri wananipa dawa. Mais, mwanangu, mutu mwenye iko kwa njia huwezi kumulilia. Unamuwekea sahani. Mie nimemuwekea sahani mpaka nimechoka. Moyo wangu unajua, na hakuna mutu ananipa ruhusa."

Jumamosi iliyofuata aliweka matanga kwenye nyumba yake. Tukakaa chini, tukatoa makochi nje kwenye korido, tukaimba, tukapika sombe, kisamvu cha kwao, na samaki. Walter alikuja, na bisi gunia zima, akakaa chini kwenye mkeka na miguu yake mirefu akikosa pa kuiweka. Mama Nabintu alimsimulia kila mtu Ombeni alivyokuwa mtundu. Alicheka mara nyingi. Sikuwa nimewahi kumwona akisinzia mbele ya watu, lakini jioni ile alilala pale pale mkekani, na tukamfunika.

Sasa tumefika kwako, kaka.

Mama alipofariki, wewe ulikuwa shule Tabora. Mimi nilikuwa mdogo lakini nilikuwepo Baba alipopiga simu kwa mwalimu wenu. Nilimsikia: "Mwambieni mama yake anaumwa kidogo, aje mara moja." Umaarufu wa sentensi hiyo kwetu unaujua, kila mtu anaijua, ila yule anayeambiwa. Ukapanda treni. Ukanunua asali ya Tabora, dumu zima, kwa sababu Mama alikuwa anaumwa kidogo na asali ni dawa. Mpaka leo nakuona ukitokea pale kona ya njia, dumu begani, unacheka na watu wa njiani, na mimi nimesimama mlangoni nakuangalia unavyokaribia. Kisha ukaiona mikeka nje na wanaume wamekaa. Ukaweka asali chini. Ukamwambia Baba, "Mngeniambia ningekuja nikilia njiani. Sasa nimekuja nikicheka."

Usiku wa kuamkia mazishi uliniambia, mimi na wewe tu, kwamba wewe hutamfanyia mtu hivyo hata siku moja. Nilikuwa mdogo lakini nilikuamini.

Sikukasirikii. Natambua unachofanya, na natambua kinatoka wapi. Mnasema yuko mbali, yuko peke yake, akizimia nani atamshika? Labda shangazi ndiye aliyekuambia. Labda Baba mwenyewe ndiye aliyekuambia, ndivyo alivyo, atatafsiri mpaka kifo chake. Lakini mimi sipo peke yangu, nimekuonyesha hapo juu nipo na nani. Mama Nabintu ameshaniambia mkeka wake bado uko mlangoni, haujakunjwa. Kazini nimeomba likizo na wamekubali, siku yoyote nitakayosema. Nauli ninayo. Sitazimia, kaka. Sisi watoto wa Mzee Barnaba hatuzimii, tunapiga kelele.

Inawezekana nimekosea. Inawezekana Baba anaumwa tu, amepooza ulimi, amekonda, na mnaona haya mimi nione. Basi niambie hilo. Nitampigia nimsemeshe mimi, yeye asikilize tu. Itakuwa mara yake ya kwanza, na itamfaa. Nina picha nzima ya nyimbo ya kumtafsiria kwa sauti yangu, tangu andazi mpaka meli.

Barua hii anakuletea dada Perpetua, nesi tunayesali naye, anakuja Kasulu kwenye harusi ya mdogo wake na atapita kwetu kwanza. Ana kofia ya sufu, ya kijani, amefuma Mama Nabintu. Hiyo ni ya Baba. Nimemwambia dada Perpetua asikupe wewe, asimpe shemeji, asiiweke mezani. Aingie ndani amvalishe Baba kichwani kwa mikono yake, iwe kitandani au kitini, halafu anipigie simu hapo hapo. Na kama hakuna wa kumvalisha, arudi nayo huku bila neno.

Lakini sitaki nipate habari kwa kofia kurudi. Hiyo ndiyo asali yangu, kaka, na wewe ndiye umesimama mlangoni unaniangalia ninavyokuja. Nipigie kabla hujamtengea dada Perpetua maji ya kunawa.

Msalimie shemeji, mwambie simlaumu, na ukuta wake wa rangi ya maziwa ni mzuri. Msalimie shangazi yetu pale Kasulu, chungu chake kitakuwa kimeiva sasa, apokee simu yangu. Wabusu watoto, na yule mla udongo mbusu mara mbili baada ya kumnawisha. Wasalimie vijana wa banda, waambie binti aliyekuwa akiwadai viingilio mlangoni sasa anatafsiri picha Marekani, ghorofani, na hakuna benchi lililong'olewa.

Ukipiga, usiniulize hali ya hewa. Usiniambie anaumwa kidogo. Nitajie jina lake, halafu useme vile ilivyo. Baba yetu hakuzaliwa pacha.

Mimi mdogo wako, nimekaa kitako nasikiliza,
Editha